Mgeni wa Mkomani

Figo langu laishi Mkomani,
mimi nalala Langoni.
Kwa ndugu yangu Shekuwe limeingia mgeni:
mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini damu haijui dada.
Askari wake humuuliza kila usiku:
nani wewe? Nani kakufungulia?

Basi saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
kidonge,
walinzi wasinzie, komeo lilegee.

Mwaka wa nne, kidonda sikioni,
punje ya mtama.
Kikatanuka. Daktari akasema:
mlango ulioachiwa dada
mwizi naye kaupita.

Punguza dawa, watamfukuza mwizi.
Punguza dawa, watanifukuza mimi.

Shekuwe hajui aombe lipi.
Nammiminia maji, bilauri ya tano.
Kunywa, namwambia.
Nina kiu.