Vifungo Vitano

Nilitaka vitano tu, vya kijivu,
vya kufunga sweta na kunyamaza.
Ndivyo nilivyomwambia Bi Ludmila Hejnová
huku theluji ya Jablonec ikiyeyuka kofiani mwangu
na kudondoka juu ya kaunta yake.

Miaka ishirini nafuma.
Sufu naijua kwa kuinusa,
namjua kondoo aliyenyeshewa na aliyelala zizini;
lakini kifungo kwangu kilikuwa
nukta ya mwisho wa sentensi:
unaiweka, unaondoka.

Hakunijibu. Aliinama,
akavuta bati la biskuti lililoota kutu pembeni,
akalimimina.

Sauti ile!
Kama vifaranga mia wakidonoa sahani.

Kioo, akasema. Vyote kioo.
Cheusi, chenye mwezi wa dhahabu
uliochorwa kwa unywele mmoja wa brashi.
Cha kijani kama mgongo wa mbawakawa:
ukikigeuza kinakuwa zambarau,
ukikirudisha kinakana.
Kimoja kina ua la buluu, lile la pembeni mwa mashamba ya ngano.
Kimoja kina kiputo cha hewa katikati,
hewa ya asubuhi fulani
kabla mama yangu hajazaliwa,
bado imo,
haijapata mlango.

"Baba mkwe alianza, Otakar wangu akarithi.
Kibandani, nyuma ya nyumba.
Ufito wa kioo motoni, koleo mkononi,
ka, ka, ka,
miaka thelathini na moja."
Nikawaza: kifungo cha miaka thelathini na moja,
na hakimu hakuna.
Yeye akacheka kama aliyenisikia,
akafuta macho, akasingizia vumbi la bati.

"Vizuri vilikwenda Paris,
vikakaa mabegani mwa wanawake tusiowajua.
Hivi ni vilivyobaki. Vyenye ila."

Basi nikaitafuta ila.
Nikaomba taa, nikavaa miwani,
nikaviweka kimoja kimoja juu ya ukucha.
Ila ya mwezi ni kwamba umeinama kidogo,
kama mtu anayesikiliza ukutani.
Ila ya ua ni petali moja zaidi.
Ila ya mbawakawa sikuiona.
Nadhani Otakar alimficha tu, asiuzwe.

Chema chajiuza, hunena wahenga.
Hivi vilikaa gizani miaka yote,
havikumwita mtu.

Basi la saa kumi likaondoka.
La saa kumi na moja nalo.
Tulikuwa tumeinamia kaunta, vichwa vikigusana,
wanawake wawili wazima
tukibishana kwa kunong'ona kama cha rangi ya asali
ni asali ya msonobari au ya mchongoma.

Nilinunua vitano. Havifanani hata viwili.

Usiku Radim alinikuta jikoni,
uzi wa kijivu umejaa mapajani, umejikunja
kama nywele zilizotoka kusukwa.
Majuma sita ya kufuma, saa mbili za kufumua.
"Si ulisema imekwisha?"
"Imekuwa ndogo."
"Kwako?"
"Kwa hivi."

Akavuta kiti, akaketi.
Akanyoosha kidole kikubwa cha fundi bomba,
akaugusa mwezi,
akaurudisha mahali pake polepole,
kisha akaugusa tena.