Msomaji wa Prufu

Kurasa mia moja na kumi na mbili, zimefungwa kwa uzi wa jikoni.
Mchapishaji wa Kaunas amezituma bila kujua:
“Jovita, tutolee makosa. Kabla ya Ijumaa.”

Ukurasa wa tatu nikajikuta.
Ugnė amenipa jina jingine, amenipunguzia miaka minne,
koti langu la kijivu kalitia rangi ya divai.
Kovu la kidevuni hakuligusa.
Na namna ninavyomenya tufaha, ganda moja lisilokatika,
kaieleza ukurasa mzima na nusu,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu ndogondogo.

Hadithi yasema: mwenye koti
alipendwa hadi akakosa pumzi.
Mwenzake alisimama chini ya dirisha lake vipupwe vitatu,
akanusa glavu iliyosahaulika,
akapanda basi la umeme namba saba hadi mwisho wa njia
ili tu akalie kiti alichokiacha na joto.

Nikaweka kalamu nyekundu chini.

Ugnė, basi lilikuwa namba tano.
Glavu ilikuwa yako.
Na kwenye theluji nilisimama mimi,
mimi na soksi mbilimbili,
wewe huko juu ukikoroga supu, ukipiga mluzi,
hujui.
Nilidhani hujui.
Mto Nemunas uliganda, ukayeyuka, ukaganda,
nami pale pale, kupe mwenye haya.

Kumbe pazia lina macho.
Mapenzi ni kikohozi, husemwa, hayafichiki;
basi tulikohoa wote wawili,
kila mmoja upande wake wa kioo.
Na ile glavu, sasa naona, hukuisahau.

Umenivua aibu yangu ukaivaa wewe
mbele ya kila atakayenunua kitabu.
Huenda ni huruma. Huenda ni wizi.
Usiku kucha nimeipima, haikunitosha popote.

Nimerekebisha mikato kumi na tisa,
herufi kubwa mbili,
neno “milele” lililojirudia katika sentensi moja:
la kwanza nimelifuta, la pili nikalionea imani.
Basi nimeliacha namba saba.

Ukurasa wa mwisho, pembeni, niliandika kwa penseli:
koti lilikuwa la kijivu.
Kisha nikafuta.
Pamebaki mchubuko mdogo kwenye karatasi,
hauonekani
ila kwa mtu anayeinamisha ukurasa kuelekea taa.

Wewe huinamisha.