Dirisha la Kusini

Siku ya kwanza waliniuliza mifuko.
Sina, nikasema, ovaroli yenu imeshonwa bila mifuko.
Wakaipapasa hata ile isiyokuwapo,
wakachukua kipini cha nywele, sarafu mbili
na jojo niliyokuwa nikiitafuna.

Ghorofa ya nne, Gaborone.
Meza ndefu imewekwa ikitazama kusini
kwa kuwa jua la nchi hii hupita kaskazini,
na mwanga usio na jua ndani yake, asema Mma Ditsele,
hausifu wala hausingizii.

Akanimwagia juu ya karatasi nyeupe
kitu kama vipande vya sabuni vilivyosahaulika bafuni,
kama chumvi ya mawe iliyonyeshewa.
Nikangoja aniletee almasi.
"Ndizo hizo," akasema. "Unangoja zikukonyeze?"

Nikajifunza. Kwanza chekeche, ukubwa kwa ukubwa.
Kisha umbo: lenye pembe nane, lililopinda mgongo,
pacha walioganda pamoja tumboni mwa ardhi.
Kisha rangi, na hapo ndipo macho hutoka jasho:
nyeupe,
nyeupe iliyochoka,
nyeupe iliyopita karibu na chai.
Nilikosea thelathini na moja kati ya hamsini.
Oteng wa meza ya pili alikosea arobaini alipoanza,
aliniambia kwenye korido, chini ya kamera, bila kusogeza midomo.

Siku ya tisa kibano kilinikana.
Jiwe likaruka, dogo kuliko punje ya mtama,
wala sikusikia lilipoanguka.
"Jiwe!" nikapiga yowe, kama nilivyofundishwa,
na chumba kizima kikawa picha.
Watu kumi na mmoja. Mguu uliokuwa juu ukabaki juu.
Oteng alikuwa katikati ya chafya; akaimeza.
Mma Ditsele, miaka hamsini na tisa, magoti mabovu,
akashuka sakafuni na tochi,
akatambaa kati ya viatu vyetu
akituinua nyayo mojamoja kama mkagua kwato.
Macho hayana pazia, lakini siku ile
ningelinunua pazia kwa mshahara nisioupata bado.

Dakika arobaini.
Lilikuwa kwenye pindo la mkono wangu wa ovaroli,
limejikunyata, halina habari.
Akaandika kitabuni saa, jina, uzito,
akanipa kalamu nitie sahihi, kisha kwa sauti ya chini:
"Sasa umeajiriwa."

Jioni mama alikuwa uani akichambua kunde.
Akanisogezea ungo bila kuuliza.
Vidole vikaenda vyenyewe: nzima, nzima, mbovu,
iliyotobolewa na dumuzi,
kijiwe. Nikakiinua, nikakigeuza
kuelekea upande wa kusini.
"Kwenye fomu yao," nikamwambia, "palikuwa na swali la uzoefu.
Nililiacha wazi."
Mama akacheka mpaka kunde zikamwagika.

Mkono mtupu haulambwi, husemwa.
Wangu hugeuzwa kiganja kila saa kumi na moja
ukaguliwe utupu wake,
na utupu huo ndio unaotulisha.

Ila nimeharibika kidogo.
Jumamosi, dukani, mwanamke aliangusha sarafu.
Foleni ikainama, ikasogea, ikaendelea na maisha.
Mimi peke yangu nilibaki mguu juu,
mfuko wa unga begani,
nikimsubiri mtu mwenye tochi.