Mikeka Miwili

Nyumbani kwetu Tororo, nyuma ya stesheni ya reli,
palikuwa na mikeka miwili.

Mmoja wa mama, wa ukindu,
mwekundu kwa zambarau. Aliusuka msimu mzima wa mvua
akihesabu kwa midomo, bila sauti.
Wa pili wa baba, wa karatasi,
mwembamba kama risiti ya kilo ya sukari:
mechi kumi na tatu, dau elfu mbili,
na chini kabisa, kwa wino uliofifia,
milioni nne na laki mbili.

Baba alikuwa mpakiaji wa saruji.
Alirudi jioni na nyusi za mzee, nywele za mzee,
akajimwagia maji, akawa kijana tena.
Kisha akaitoa karatasi kwenye plastiki ya kitambulisho,
akaisoma kama barua ya mtoto aliyekwenda mbali.
"Akongo atasoma bweni.
Mabati nayo, si haya ya geji thelathini. Ishirini na nane.
Na wewe Othieno, televisheni ya tatu."

Maana mimi nilikuwa na kibanda cha gemu:
televisheni mbili, padi nne, moja kitufe kimekwama,
mia tano kwa mechi, anayefungwa ndiye anayelipa.
Watoto walikuja na hela walizotumwa mafuta ya taa.
Nilizipokea. Sitasema sikujua.

Jumamosi ile ziliingia kumi na mbili.
Kumi na mbili! Baba alizitoboa moja moja kwa msumari,
redio sikioni, mguu ukitikisika peke yake.
Na mama akaacha kusuka.
Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote:
yeye, aliyeziita hizo karatasi chakula cha panya,
aliuliza, "Dakika ya ngapi sasa?"

Iliyobaki ilikuwa ya huko kwenye baridi,
timu ambayo baba hakuweza kulitamka jina lake,
akaiita tu Watu wa Mwisho.
Watu wa Mwisho waliongoza moja bila
hadi dakika ya tisini na tatu.
Kisha mtu mmoja, asiyejua kama kuna Tororo duniani,
mpira ukamgonga goti.
Goti. Hata hakukusudia.

Vijana wa mtaani husema, mkeka umechanika.
Kwetu hakuna aliyesema kitu.
Mama aliokota ukindu, akatafuta alipoachia,
akapakosa, akafumua mistari miwili.

Saa tano usiku baba alikuja kibandani.
Nilikuwa nafunga. Hakuwahi kuingia mle.
"Wale Watu wa Mwisho," alisema, "wamo humo ndani?"
Nikatafuta. Walikuwamo:
jezi zao za kijani, uwanja wao,
hata theluji imesukumwa kando ya mstari.

Akaketi juu ya kreti ya soda.
Nikampa padi nzima, nikabaki na ile mbovu.
Vidole vyake, vilivyochunwa na saruji,
vilibonyeza vitufe vitatu kwa mpigo.
Nikamwachia njia. Golikipa wangu nikamlaza mapema.
"Usiniachie," alisema, macho kwenye kioo. "Cheza."

Basi nikacheza.
Nikamfunga nne. Nikamfunga tatu. Nikamfunga mbili,
na kila mara alisema, "Tena," kwa sauti ndogo,
kama mtu anayeongezewa uji.

Mara ya nne alipata moja. Sijui alivyoipata.
Nilishambulia kwa haki, naapa,
akarudisha watu wote nyuma, akaziba, akaziba,
jasho likimtiririka shingoni,
dakika ya themanini na nane, themanini na tisa,
umeme ukakatika.

Tulikaa gizani.
Treni ya mizigo ilikuwa ikipangwa stesheni, behewa likigonga behewa.
"Ilikuwa moja bila," alisema baba.
"Ndiyo."
"Wewe uliiona."
"Niliiona, baba."

Akasimama. Nikasikia mfuko ukipekuliwa,
kisha sarafu juu ya meza: moja, ya pili, ya tatu.
Anayefungwa ndiye anayelipa.
Nilitaka kusema, acha.
Nilizipapasa, nikazitia mfukoni.

Umeme ulirudi Jumatatu.