Kipimo cha Mama

Saa kumi na moja alfajiri, Ngara bado imejifunika,
nawasha taa ya jikoni na kumwita Karani.
Anakuja polepole, kama mtu aliyeitwa ofisini
akijua kosa si lake.
Nampasha sikio kwa kitambaa cha maji moto
mpaka kile kimshipa cha ukingoni kijitokeze.
Nachoma. Tone moja, dogo kuliko punje ya wimbi.
Mashine inahesabu: tano, nne, tatu.

Mashine ni ya mama.
Sikununua nyingine, nilinunua vijiti tu.
Daktari anasema mashine ya binadamu humpunja paka kidogo,
nisiiamini kama Biblia.
Lakini humo ndani mama bado yumo:
kumi na tisa nukta nne, ile Jumapili ya harusi ya Kemunto;
kumi na moja, baada ya uji aliokana kuunywa;
saba, siku aliyojisifu mpaka kwa mlinzi wa lango.
Ya mwisho kabisa siifungui.

Ndiye aliyemlea Karani kwa wali wa maziwa,
kwa makombo ya mandazi, kwa ugali uliochovywa mchuzi.
Wakaugua sukari wote wawili
kama nyumba mbili zilizogawana ukuta wenye unyevu.

Daktari Nasimiyu alinichorea mpango nyuma ya risiti:
robo filigisi, robo tatu alichozoea,
siku nne, kisha nusu kwa nusu, usikimbie.
Halafu akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.
Wanga ukipungua, dawa nayo ipungue.
Chakula kipya na dozi ya zamani,
hapo utamuua huku unampenda.

Basi Jumamosi niko Burma, nanunua filigisi na maini.
Muuzaji ananiuliza, una wageni?
Ninaye mmoja.
Kwamboka wa mlango wa pili hacheki.
Ndugu yake Kisii anaruka siku ili chupa ifike mwisho wa mwezi,
na wewe unamdunga paka.
Sina jibu. Nilimpikia chai, akainywa, akaenda.

Ishirini na mbili. Kumi na saba. Yuniti mbili.
Kumi na mbili. Yuniti moja na nusu.
Tisa. Moja.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa;
hakuna aliyetufundisha kukipunguza.

Kisha ile Jumatano stima ilipopotea.
Nilidunga gizani, kwa mazoea ya mkono,
yuniti zilezile, saa ileile, sikupima.
Sahani nikaikuta asubuhi, filigisi zote zimekauka juu yake.
Karani alikuwa chini ya meza, miguu ya nyuma imelegea,
anatazama ukuta kama anausoma.
Mbili nukta sita.
Nikapaka asali kwenye kidole, kidole kwenye ufizi,
tena, na tena, nikimwita kwa jina
ambalo halikuwa lake.

Mama naye hakuwa amekula usiku ule.
Sahani niliiona. Nilidhani atakula.
Mkono ulikuwa huuhuu.

Karani alisimama saa mbili na robo,
akajilamba asali kwenye sharubu, akaniudhikia.
Tangu hapo napima kwanza, nangoja ale kwanza,
na nikiwa na shaka, sindano inabaki kwenye kopo.

Mashine hii huhifadhi nambari mia tatu.
Ikijaa, mpya inaingia, ya kale kuliko zote inatoka.
Kila asubuhi, kila jioni, paka anamtoa mama moja moja.
Harusi ilitoka Machi.
Ile saba ilitoka juzi; niliikazia macho kabla sijachoma.

Leo: sita nukta mbili, bila dawa, siku ya tisa.
Za mama zimebaki arobaini na moja,
na ile ya mwisho itatoka mwisho.
Karani anapiga mlango wa friji kwa kichwa.
Haya, nakuja.