Majina Marefu

Diski ya baba imeanza kutafuna mchanga.
Naisikia usiku, juu ya rafu ya studio, pale Langoni,
krr, krr,
kama mtu anayekwangua ukoko wa wali
na hataki kumwamsha mwenye nyumba.
Chumvi ya Lamu haina haraka.
Ilikula bawaba, ikala skrubu za kamera,
sasa imefika kwenye nyuso.

Picha elfu kumi na moja na mia nne.
Harusi, pasipoti, maulidi, vitoto vya arubaini,
punda aliyeshinda mbio akavishwa koja la asumini.
Wapiga picha wengine huandika namba, basi.
Baba aliandika:
“Mwana Zena binti Athman kabla hajaambiwa acheke.”
Aliandika:
“Shee Kupi na koti ambalo hajamaliza kulilipia.”
Jina si kanzu, alisema,
hulipeleki kwa fundi likapunguzwe.

Jana nilitumia amri ya pupa,
nikaitupia orodha yote kwa mkupuo.
Ikayakata majina kila penye nafasi.
Ikamtafuta mtu aitwaye Mwana: hayupo.
Aitwaye binti: hayupo.
Aitwaye kabla: hakuna faili kama hilo.
Skrini ikajaa watu wasiozaliwa,
na Mwana Zena mwenyewe akabaki kwenye diski mbovu,
midomo imefungwa,
bado hajaambiwa.

Leo nimemwendea mkongwe, cpio.
Hana dirisha, hana rangi,
hujui hata kama amekusikia.
Husimama mlangoni kama mpokea kadi za harusi:
mstari mmoja, jina moja.
Nafasi baina ya maneno haimshughulishi.
Usiyemtaja haingii.
Uliyemtaja huingia na ukoo wake wote,
hata na deni la koti.

    find . | cpio -pdm /mnt/amana

Find hubisha kila mlango, hata wa stoo.
Kile kijiti kilichosimama katikati
ni kichochoro chetu cha nyuma:
hampiti wawili sambamba, labda mmoja aegemee ukuta.
P, wapitishe.
D, wajengee vyumba ambavyo kule havipo.
M niliifikiria mpaka chai ikapoa.
Bila M kila picha huvaa tarehe ya leo,
na baba angekuwa amempiga mama picha leo alasiri,
siku ya arubaini na tatu tangu tumzike.
M humwambia mnakili:
nakala ni yako, siku si yako.

Nikabonyeza.
Taa ikapepesa mara moja, nami nikaishika meza
kana kwamba umeme unatoka humo.

Saa nzima na robo. Kisha neno moja la ukaidi:
faili moja halikuundwa,
lililoko huko ni jipya zaidi, au ni la umri huo huo.
Huko wapi?
Diski hii baba aliinunua Mombasa mwaka jana,
nikaikuta kwenye sanduku lake, nikadhani tupu.
Nikafungua.
Picha moja tu ilitangulia, aliihamisha kwa mkono wake:
“Mwanakheri anajifunza kuandika jina lake, ameisahau h.”

Nilikaa.
Adhana ya magharibi ikaanza, ikaisha.

Cpio hasemi pole, hasemi hongera.
Hutoa hesabu ya mafungu, mstari mmoja,
milioni sitini na kitu,
kama mpagazi anayetaja idadi ya magunia akasubiri ujira.
Nikaiandika kwenye daftari la studio
chini ya hati ya baba, na h zangu zote.

Mama akaja na taa ya mkono,
akainama nyuma ya kiti changu.
“Nami nimo?”
Umo, mama. Mara kumi na tisa.
“Kumi na tisa tu?”
Akaihesabu miaka ya ndoa kwa vidole, akaishiwa vidole.
“Na huyo punda?”
Sikumjibu.
Punda yumo mara ishirini na sita.