Chumvi Zaidi

Nilikufa daftari likiwa mapajani:
magunia arobaini ya shayiri, kijiji cha Khardo,
deni la baba lililozaa deni la mwana,
na kinu nilichokichoma usiku wa theluji
pamoja na ndugu watatu waliogoma kulipa.
Sikatai. Nilikuwa mwovu mwenye mwandiko mzuri,
na ngome nzima ya Ladakh ilinicha.

Dada yao, Deskit, ndiye aliyenipikia chai:
siagi ya yaki, chumvi, na mzizi wa ua la buluu
limealo majabalini, ambako hata mbuzi hugeuka.
Funda la tatu, ulimi ukafa ganzi.
Akanifunika blanketi kama mtoto.

Siku arobaini na tisa nilitangatanga
nikinusa moshi wa kila paa,
hadi nikaona mlango umeachwa wazi.
Nikaingia. Giza jingine, la moto. Kisha baridi,
kilio, na mikono iliyonipokea
ikinuka siagi.

Nilizaliwa mjukuu wake.

Watawa walikuja na sinia:
tasbihi, kengele, kijiko, na muhuri wangu wa shaba.
Nikaukwepa muhuri. Nikashika kijiko, nikacheka.
Wakaenda zao.
Bibi alinitazama muda mrefu mno.

Nilingoja miaka ishirini na mitatu.
Kisasi ni mkopo, riba yake huiva taratibu.
Nikamwoa Zangmo. Nikapanda majabalini na kijembe.
Nikaponda mzizi juu ya jiwe lilelile.

Bibi akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanusa.
"Ongeza chumvi, Tundup. Hukuzoea chai dufu."

Jina lile. Katika nyumba hii
hakuna aliyewahi kunipa jina lile.

"Tangu usiku wa kwanza ulisaga ufizi ukihesabu.
Ningeweza kukubana pua.
Nikakunywesha maziwa ya mbuzi, nikasema
huenda huyu wa pili atammeza yule wa kwanza."

Akanywa. Moja. Mbili. Nami nikahesabu,
sikuweza kuacha kuhesabu,
hadi kikombe kikawa kikavu.

"Mkeo ameshatunga mimba?"
"Bado."
"Vizuri," akasema,
akajifunika blanketi mwenyewe.

Binti yangu sasa ana miaka minne. Halii.
Hupenda kukaa jikoni, karibu na mtungi wa chumvi.
Leo asubuhi ameniletea chai ambayo sikuiagiza,
kwa mikono miwili, bila kumwaga tone.

Nimeonja kwa ncha ya ulimi.
Chumvi iko sawasawa.